Mkono wa Kupimia Barafu

Kilbrae, Otago
9 Juni 1957

Mdogo wangu Ninian,

Hujambo huko kwenye joto lako? Sisi wazima, ila asubuhi hii nimevunja maji ya ndoo kwa nyundo kabla ya kuteka ya chai, kwa hiyo ujue kipupwe kimeshaingia. Watoto wa shule wanateleza kilima cha kanisa kwa masinia ya mama zao. Letu lile kubwa la Krismasi limerudishwa limekunjika, na aliyelirudisha anaapa alilikuta hivyo hivyo. Wasichana nao wamefufua viatu vyao vya chuma vya kutelezea barafuni. Kila jioni wanazunguka juu ya kidimbwi cha kinu wakishikana viunoni, mmoja akianguka wanaanguka wote, na kicheko chao kinafika mpaka hapa ofisini kwangu penye swichibodi ya simu.

Hoteli mpya kule juu imeleta wageni wanaojifunga mbao miguuni. Juzi mmoja alimwuliza Baba kwa nini sisi wenyeji hatuteremki mlima kwa mbao kama watu wa kisasa. Baba akamjibu, "Anayekimbilia chini namna hiyo, kuna kitu amekisahau kule." Mgeni akacheka. Baba hakucheka, unamjua.

Ameanza kushuka bwawani na keekee yake ya kutobolea barafu begani. Akipita tu, watu madirishani wanaambiana, "Mzee Magnus kashuka," na wake zao wanaanza kutafuta fagio na soksi nene. Wala hapajabadilika kitu. Hakuna atakayekanyaga bwawa kusukuma jiwe lake la mchezo mpaka Baba atoboe tundu, alale kifudifudi, atie mkono ndani na kusema barafu imejaa. Kidole cha mwisho kiwe kimeshika chini ya barafu na dole gumba liwe sawa na uso wake wa juu. Kiganja kizima, pungufu ya hapo hakuna mchezo. Katibu wa klabu alithubutu kutaja rula kwenye kikao cha Mei, akaambiwa rula ni ya washona nguo.

Ninian, njoo mwaka huu. Nitakapokuletea telegramu kwamba barafu imejaa usitafute sababu. Miaka tisa ya kununa inatosha, hata punda hununa akaacha. Baba amepungua kidogo, lakini ni uzee tu.

Nimemwambia aongeze neno hapa chini.

Dada yako,
Ishbel

Barafu: kidole kimoja. M. Mouat.


Kambi ya miwa, karibu na Innisfail
Queensland
20 Juni 1957

Dada Ishbel,

Barua yako imenikuta nina masizi mpaka kwenye meno. Huku tunalichoma shamba kwanza, panya na nyoka wanatoka mbio, ndipo sisi tunaingia na mapanga. Hicho ndicho kipupwe chetu. Wenzangu wengi ni Waitaliano. Nimewaeleza kwamba kwetu wanaume wazima wanasukuma mawe juu ya barafu yafike kwenye duara, na wengine wanatangulia mbele ya jiwe wakilifagilia njia kama wafalme wanapita. Wakadhani nawatania. "Na nyumbani nani anafagia?" Beppe akaniuliza.

Kuja siji. Usinikasirikie.

Nilipotimiza miaka kumi na tisa Baba aliniita mezani, akaweka kiganja chake juu ya changu, akageuza huku na huku, akasema, "Sawasawa. Huu ni mkono wangu." Sijawahi kusikia neno zuri kama hilo kutoka kwake. Kipupwe hicho hicho akaniambia nipime mimi. Nikalala, nikatia mkono, nikasema mbele ya watu wote kwamba imejaa. Naye akalala baada yangu. Akakaa pale chini kitambo, mkono tunduni. Kisha akasimama, akajifuta magoti, akasema, "Mkono unao, kijana. Subira huna." Dougal Petrie alicheka mpaka akamwaga wiski yake, na kwa Dougal kumwaga wiski ni msiba. Watu wakapakia mawe yao wakarudi makwao. Siku chache baadaye ukaja upepo wa joto, barafu ikaondoka, na mwaka ule hapakuchezwa kabisa. Hakusema lolote. Mpaka leo hajasema.

Basi aendelee kupima mwenyewe. Mtu asiyekosea hana haja ya mwana.

Amepungua kidogo maana yake nini?

Ninian


Kilbrae
30 Juni 1957

Mdogo wangu,

Maana yake amepungua kidogo, kama mzee yeyote anavyopungua. Usinichimbe. Mimi ndiye ninayempikia, na supu ya kondoo na shayiri ningali naijua.

Amekuandikia mwenyewe safari hii, sijamlazimisha. Alikaa na kalamu tangu chai ya jioni hadi taa zikawashwa, nami nikafikiri kaandika kurasa kumi. Nimeitia humu humu ndani. Isome taratibu, tafadhali. Isome kama unavyomsikia yeye akiongea, siyo kama unavyotaka aongee.

Ishbel

Ninian,

Barafu vidole vitatu. Upande wa mierebi viwili na nusu. Upepo wa kusini. Mbwa Tam amekufa Jumanne, nimemzika penye ua. Mpini wa jiwe lako nimeupaka mafuta.

Baba yako,
M. Mouat


Kambi ya miwa, Innisfail
8 Julai 1957

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Barafu, Kilbrae

Baba,

Nimepokea taarifa yako na nimeitunza mahali pake. Vidole vitatu, upepo, mbwa. Ungeandikia ofisi ya hali ya hewa wangekushukuru zaidi. Tam nilimlea mimi kwa chupa, naye amepewa mstari mmoja, na barafu imepewa miwili.

Miaka tisa umeniletea vidole tu. Sijasikia hujambo, sijasikia nilikosa wala nilipatia. Wenzangu wakipata barua za baba zao wanalia au wanatukana. Mimi nakaa kitandani nahesabu unene wa maji.

Nikwambie ninachokitamani, kwa kuwa hutaniuliza. Natamani siku moja nikuone umekosea. Mara moja tu, mbele ya watu, kama ulivyonifanya mimi. Baada ya hapo nadhani tungeweza kukaa meza moja.

Mpini uache, anayelitumia jiwe ni wewe.

Ninian


Kilbrae
13 Julai 1957, Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu Ninian,

Nimevunja kiapo. Baba aliniapisha kwa Biblia ya Mama nisikwambie, wala nisimwambie mtu yeyote, lakini nimelemewa na malori yameanza kusikika barabarani.

Baba anakufa. Mwezi wa tatu nilimpeleka kwa daktari Dunedin. Ni tumbo, na hapana la kufanywa. Daktari alisema ikifika Krismasi tumshukuru Mungu. Njiani kurudi alisema maneno mawili tu, "Kimya, Ishbel," nami nikanyamaza. Amevaa fulana tatu, moja juu ya nyingine, tangu wakati huo, ndevu ameziacha zijae, na kijiji kinasema mzee mwaka huu anaona baridi. Nimepunguza mashati yake, nimetoboa mkanda matundu mapya. Nafanya kazi hiyo yeye akiwa hayupo, nayarudisha kabatini, naye anayavaa kama vile hajui.

Sasa sikiliza. Alhamisi alikuja mlangoni hapa kwangu na barafu ndevuni, akasema, "Imejaa. Piga." Nikapiga Wito. Nilizipigia klabu zote, mabondeni na ng'ambo ya milima. Kila katibu aliniuliza swali moja, "Mzee Magnus kasema?" Nikajibu, "Kasema." Wakakata simu wakaenda kuamsha wenzao. Nilifurahi, Ninian. Nilikuandikia na telegramu, iko hapa mbele yangu, nikasema nitaituma kesho asubuhi.

Jana jioni aliweka glavu zake kando ya jiko zikauke. Unajua namfumia kila Aprili, kwa hesabu ile ile ya vitanzi aliyoiacha Mama. Mwaka huu zilimpwaya, nikafumua nikapunguza. Zikampwaya tena, nikapunguza tena. Basi jana nilikuwa natafuta uzi kwenye kapu la Mama nikaikuta glavu yake ya mwaka jana. Nikailaza juu ya hii mpya, hivi hivi tu, bila kuwaza. Ile ya zamani ilizidi kwa kidole kizima.

Nilikaa chini sakafuni. Miezi yote hii nimekuwa nikiufikiria mkono ule kwa ajili ya baridi. Sikuufikiria kwa ajili ya tundu. Nimepunguza glavu mara mbili na kumbe kipimo cha bwawa zima kilikuwa kinapungua mbele ya macho yangu.

Kulipopambazuka nilishuka peke yangu. Niliijaza glavu ya zamani matambara mpaka ikawa ngumu kama mkono wake tuliokuwa tukiushika zamani kwenda kanisani, nikaitia kwenye tundu lake. Kidole cha mwisho kilishika chini. Dole gumba lilibaki lote juu. Barafu imepungua kwa kidole, Ninian, na leo watasimama pale wanaume wa klabu zote, wamejazana kwenye maduara, na kila mmoja ana mawe yake mawili mazito kama watoto.

Nikimwambia mbele yao nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Sijapata njia nyingine na wakati umekwisha. Rula hataisikiliza. Angeusikiliza mkono, na mkono wa namna hiyo uko kwako, unakata miwa.

Naisikia honi ya lori la Petrie. Nimetoa matambara, nashuka na glavu.

Ishbel


Kilbrae
19 Julai 1957

Ninian,

Barua yako imefika Jumatano. Unatamani unione nimekosea mbele ya watu. Umechelewa. Nimekosea Jumamosi, klabu zote zipo, na waliokuwa nyuma walisogea mbele waone vizuri.

Dada yako alinikuta nimesimama kwenye duara la kwanza. Watu walikuwa bado ukingoni, wanateremsha mawe. Akanipa glavu ya mwaka jana. Nikaivaa, nikateremsha mkono, ikaanguka yenyewe. Niliitazama pale kwenye barafu, nikaelewa. Ishbel akaanza kulia. Nikamwambia alilie ukingoni, machozi yana chumvi.

Nikapanda juu ya lori la Petrie. Nikafunua mkono wa kulia mpaka kiwiko, nikauinua. Nikasema, "Huu sio mkono mnaoujua. Umeliwa na ugonjwa, nami sikuwaambieni. Barafu haijajaa. Rudini nyumbani." Nikasubiri wacheke. Umbali waliotoka ni mrefu, walikuwa na haki. Petrie akavua kofia. Wengine wakavua, mpaka wa ukingo wa pili, na baridi ilikuwa kali. Ningependelea wacheke.

Dada yako ameniambia amevunja kiapo. Kwa hiyo unajua yaliyobaki na sina haja ya kuyaandika.

Sasa Kilbrae haina mkono. Petrie ana vidole kama soseji. Wa Ishbel ni mdogo. Wengine siwaamini. Klabu imeanza tena habari za rula. Jumapili joto lilikuja likala nusu ya barafu, lakini upepo umegeuka na inakua upya.

Wako niliupima mwenyewe mezani. Uweke juu ya karatasi ngumu, dole gumba lilale ubavuni, uuzungushie kalamu. Usiongeze, usipunguze. Ulete kwa posta. Ishbel atakata ubao kwa mfano wake.

Tam alikufa amelala kwenye koti lako la zamani. Alilala hapo miaka yote tisa. Nilimzika nalo. Nilipaswa kuandika hivyo mara ya kwanza.

Mpini wa jiwe lako nimeupaka tena. Ulikuwa umekauka.

Baba yako,
M. Mouat


TELEGRAMU
Innisfail, 27 Julai 1957
MOUAT, KILBRAE, OTAGO

KARATASI HAIVUMILII MAJI. NAULETA MKONO WENYEWE. NINIAN


Kilbrae
22 Juni 1958

Dada Ishbel,

Umeshazoea swichibodi kubwa ya Dunedin? Petrie anasema tangu uondoke simu za Kilbrae zinaunganishwa na binti anayesema "tafadhali" mara nyingi mpaka mtu anasahau alitaka kumpigia nani. Anakusalimu. Uzito wake wa mwaka jana anao ule ule na wa mwaka huu ameuongeza juu yake. Sinia letu limeazimwa tena na limerudi tena vile vile, na safari hii aliyelirudisha hakujisumbua hata kuapa.

Kuna jambo uliniuliza siku ya mazishi nikakwambia hapana kitu. Uliniuliza Baba alisema nini pale kwenye tundu. Wewe ulikuwa ofisini umevaa vyombo masikioni unangoja neno la kuwapigia watu, na mimi nikarudi nikakupa neno moja tu, "Bado," nikapita kwenda kumlaza. Tangu siku hiyo nimelibeba peke yangu. Sikunyamaza kwa ubaya. Lilikuwa halitoki. Leo nimeshuka bwawani asubuhi kwa mara ya kwanza mwaka huu, na nimeona litatoka kwa kalamu.

Unakumbuka tulivyomfunga mablanketi na kumlaza kwenye sleji ya kukokotea mawe juu ya theluji. Petrie alishika kamba moja, mimi nyingine. Baba hakusema kitu njia nzima ila mara moja, tulipopita kidimbwi cha kinu. Wasichana walisimama wakaacha kuzunguka, na akawaambia, "Endeleeni. Hiyo yenu imejaa tangu Juni." Tulipofika nikatoboa. Nilipokuwa nazungusha keekee Petrie aliinama sikioni pangu. Akasema, "Sema imejaa, kijana. Tutacheza wanne tu, pale pale ukingoni. Asukume jiwe moja mzee wa watu. Nani atajua? Unafikiri ana siku ngapi?" Alikuwa analia, Dougal Petrie yule aliyenicheka.

Nikalala kifudifudi, nikatia mkono.

Nusu ya dole gumba ilibaki nje.

Nusu tu, Dada. Ilitaka usiku mmoja wa baridi kali, au mbili. Na mimi nilikuwa nimelala chumba kimoja naye tangu nifike, nasikia anavyopumua, nikajua kwamba usiku mbili hana. Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya jiwe lile moja. Nikaubana mkono, nikaukunja, nikalitafutia dole gumba mahali pa kujificha. Maji yalinipanda mpaka mfupani na nikabaki pale pale. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko Baba alivyokaa mwaka ule alionirudisha.

Ndipo nikajua yeye siku ile alikuwa anafanya nini pale chini. Miaka tisa nimeamini kwamba alikuwa anatafuta kosa langu. Alikuwa anatafuta namna ya kusema imejaa, mbele ya watu wote, kwa ajili ya mwanawe. Akaikosa.

Nikamsikia kutoka kwenye sleji, "Imejaa?"

Nikasema, "Bado, Baba."

Petrie alitugeuzia mgongo akaenda kusimama mbali. Mimi nikabaki nimepiga magoti, siwezi kumtazama. Baba akasema, "Nipe." Nikadhani anataka keekee. Alitaka mkono. Ulikuwa umelowa na umekufa kwa baridi, akautia katikati ya mikono yake miwili chini ya mablanketi na kuanza kuusugua. Ile mikono yake, Dada, unaijua ilivyokuwa imebaki. Ilikuwa kama mtu anasugua kwa vijiti. Akasema, "Mkono unao."

Nikangoja amalizie. Nilikuwa nimeibeba sehemu ya pili, ile ya subira, miaka tisa na nilikuwa tayari kuipokea tena. Hakuimalizia. Alisema hilo tu, kisha akaendelea kunipasha moto mpaka tukafika mlangoni, Petrie akivuta kamba zote mbili peke yake.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Yaliyofuata ulikuwepo. Alituacha alfajiri ya pili, na barafu ikajaa siku tuliyomwosha na kumvisha. Ulipiga Wito na habari ya mazishi kwa simu moja, na nilisimama nyuma yako nikasikia makatibu wanauliza, "Nani kasema?" nawe ukajibu, "Ninian kasema." Sikukushukuru wakati ule. Jiwe lake lilipotangulizwa na kila mtu akasimamisha fagio lake wima, kama desturi ya jiwe la marehemu, ambalo halifagiliwi njia, mimi nilitamani kulifagilia. Liliishia mbali kabla ya duara. Lilikuwa la kwanza kusukumwa na la mwisho kuondolewa, na tulilizunguka siku nzima bila kuligusa.

Jambo jingine, na usilikatae kabla hujafika mwisho. Ijumaa klabu ilikaa kikao. Niliwaambia mtu aliyewaondoa wote juu ya bwawa kwa glavu moja hawezi kuendelea kusimama ukingoni akiwagawia supu. Mwanamke hajawahi kusukuma jiwe Kilbrae, nao wakanikumbusha, mmoja mmoja, kwa zamu, kana kwamba sijazaliwa hapa. Petrie alinung'unika kuliko wote. Kisha akanyoosha mkono wa ndiyo kabla ya mtu yeyote, na akawakodolea macho waliokuwa bado hawajanyoosha, mpaka nao wakanyoosha.

Mimi namalizia hapa, nimeshaandika zaidi ya Baba katika maisha yake yote.

Barafu vidole viwili. Upande wa mierebi kimoja na nusu. Upepo wa kusini. Mawe ya Baba sasa ni yako. Mipini nimeipaka mafuta.

Mdogo wako,
N. Mouat